Mtu wa Mlangoni: Safari Yangu na Deo Kwenda Madrid

Tangu turudi mwezi Machi mwaka huu wa 2014, mmekuwa mkiniuliza mambo mawili. La kwanza mnaliuliza kwa sauti: safari ilikuwaje? La pili mnaliuliza kwa kunong'ona, tukiwa tunasubiri lifti: mbona Deo haji tena Jumamosi? La kwanza nimelijibu "nzuri", la pili nimelijibu "ana kazi nyingi". Jibu la kwanza halikutosha, na la pili halikuwa kweli. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni refu, kwa hiyo nimeliandika.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni: Jumamosi mchana tunakutana katika ukumbi wa chini wa jengo letu hapa Downsview, Toronto, watu kumi na wawili hadi ishirini, na kila mmoja kwa zamu anaeleza jambo alilojisomea. Mimi ni fundi wa kiwanda cha milango. Miaka kumi na mmoja zamu zangu nyingi nimezitumia kwa picha moja tu, ambayo mchoraji wa mfalme wa Hispania aliichora zaidi ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita, nami niliikuta katika kitabu cha maktaba nilipokuwa natafuta kitabu cha useremala.

Picha yenyewe iko hivi. Ni chumba kikubwa cha kasri. Katikati amesimama binti mfalme wa miaka mitano hivi, gauni jeupe lililotanuka kama kapu. Msichana mmoja amempigia goti akimpa kikombe chekundu kwenye sinia, mwingine anainama upande wa pili. Yupo mwanamke mfupi wa kimo, yupo mwenzake mdogo anayemkanyaga mbwa mkubwa, na mbwa hajali. Kushoto mchoraji amejichora mwenyewe, brashi mkononi, mbele ya turubai refu ambalo sisi tunaona mgongo wake tu. Ukutani kuna kioo, na ndani ya kioo wanaonekana mfalme na malkia. Na nyuma kabisa, kwenye ngazi zenye mwanga, amesimama mtu mwenye nguo nyeusi, mguu mmoja ngazi ya juu, mwingine ya chini, akishikilia pazia.

Wasomi wanabishana mchoraji anachora nini, na mfalme na malkia wamesimama wapi. Hayo mawili nilishayatolea maoni yangu, mkanivumilia. La tatu lilinishinda: yule mtu wa mlangoni anaingia au anatoka? Niliwaahidi kwamba nikiiona picha kwa macho yangu nitarudi na jibu.

Toronto: saa sita za barafu

Nilitaka kwenda peke yangu. Nilipotaja safari ukumbini, Deo wa ghorofa ya saba akanyoosha mkono kabla sijamaliza.

"Kaka Musa, weye utaenda peke yako? Apana. Na mimi niko nakuja."

Mnamjua Deo. Ni mtu wa Uvira, ambako Kiswahili huchanganywa na Kifaransa, ni mdogo wangu kwa miaka minane, anafanya kazi katika makao ya wazee kule North York, na hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja kati ya vitatu nilivyomwazima. Lakini mtu akisema nakuja mbele ya watu kumi na watano wanaopiga makofi, huwezi kumwambia asije.

Naandika neno hili mapema ili lisije likaonekana nimelificha: nilikuwa na wivu. Picha ile niliiona kuwa yangu. Nilikijenga chumba chake kwa maboksi ya kiwandani, nikaweka kioo cha kunyolea ukutani na taa ya mkononi mahali pa dirisha. Mke wangu Mwanaidi alikuwa akilipita boksi lile sebuleni kama mtu anayepita jirani mgomvi. Sasa mtu mwingine alikuwa anakwenda kusimama mbele yake kwa sababu tu alikuwa na likizo.

Siku ya kuondoka mvua ya barafu ilinyesha, na ndege zikapangwa foleni kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu. Tulikaa saa sita. Mimi nilitoa daftari lenye maswali kumi na manne niliyotaka kuyajibu mbele ya picha. Deo alitoa sambusa ambazo Mwanaidi alinifungia mimi, akamkaribisha bibi mmoja aliyekaa karibu yetu.

Bibi yule alikuwa mzaliwa wa Madrid. Aliwahi kufanya kazi Ufaransa, kwa hiyo yeye na Deo walizungumza Kifaransa, lugha ambayo mimi naijua kwa kiwango cha kuomba radhi. Walicheka, wakaonyeshana picha za wajukuu na watoto. Kisha Deo akanigeukia.

"Anasema ile picha aliiona akiwa mutoto. Baba yake alimupeleka."

Nikashika kalamu. "Muulize: yule mtu wa mlangoni alimwona anaingia au anatoka?"

Wakazungumza kwa muda mrefu. Bibi akarusha mikono, akashika mashavu, akacheka hadi akafuta machozi. Nilikaa na kalamu tayari.

"Amesema nini?"

"Anasema aliogopa mubwa."

"Na yule mtu?"

"Mutu hakumuona. Aliogopa mubwa, akafunga macho. Anasema sambusa ni nzuri sana, anauliza, nani aliyepika?"

"Mwambie ni mke wangu."

"Nimemwambia ni madame yangu," Deo akasema, "kwa sababu ningemwambia ni wako angeuliza kwa nini miye njo namugawia." Akacheka peke yake.

Paris: profesa asiye na ulimi

Kwa kuchelewa kule tukakosa ndege ya Madrid, tukabaki Paris kwa saa tisa. Kila foleni ilimhitaji Deo. Yeye ndiye aliyezungumza na dada wa kaunta, yeye ndiye aliyeletewa karatasi za kuchukulia chakula, yeye ndiye aliyejua mabegi yetu yako wapi. Mimi nilimfuata nikiwa nimebeba koti lake.

Kwa kila mtu alinitambulisha kwamba mimi ni profesa. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mara ya tano nikamwambia aache.

"Lakini ni kweli. Weye unajua bintu bingi kuhusu ile tableau kushinda wao bote hapa."

"Mimi ni fundi milango, Deo."

"Basi profesa wa milango!"

Dada wa kaunta akaniinamia kidogo kwa heshima. Nilipaswa kufurahi. Lakini sifa ile ilitoka mkononi mwake, kama vile karatasi ya chakula, na nilijiona mdogo kuipokea. Nilikula mkate wangu na jibini kimya. Deo alilala kwenye kiti mara moja, mdomo wazi, kama mtu asiyedaiwa kitu na mtu yeyote. Hata usingizi ule niliuonea wivu.

Madrid, siku ya kwanza: sahani ya nyumbani

Tulifika alasiri, tumechoka mno kwenda popote. Tuliingia katika mkahawa mdogo karibu na nyumba ya wageni. Kwenye orodha ya vyakula nikaona jina ninalolijua kutoka maduka ya Toronto, ule mkate mwembamba wa kukunjia nyama. Nikamwambia Deo kwa uhakika kwamba ule ni kama chapati, tuagize na maharage pembeni.

Kumbe kwao jina hilo ni la kitu kingine: ikaja sahani ya mayai na viazi, nene kama keki, imekatwa pembe tatu.

Deo akaitazama, akanitazama. "Profesa, chapati yako imenona."

Nilionja. Ilikuwa chipsi mayai. Viazi vilikuwa laini zaidi na chumvi ilizidi kidogo, lakini ilikuwa chipsi mayai ileile tuliyokula kwetu Korogwe mimi na kaka zangu kwenye kituo cha mabasi, kwenye sahani za plastiki. Nikamweleza Deo, nikamweleza na mhudumu kwa ishara. Tukaagiza ya pili. Ile ndiyo saa pekee ya safari ambayo sikumwonea Deo wivu, kwa sababu kwao Uvira hawakuwa na kumbukumbu hiyo, nami nilimwona akiitafuta usoni mwangu bila kuipata.

Madrid, siku ya pili: mahali pangu

Jumba la makumbusho tulilifikia saa nne kasoro dakika chache asubuhi. Nilikuwa nimevaa suti. Mfukoni nilikuwa na futi ya chuma ya kiwandani, ile ya kujikunja, kwa sababu ninapokwenda kuangalia mlango huwa nakwenda na futi, na akilini mwangu nilikuwa nakwenda kuangalia mlango. Sikuwa na nia ya kuigusa picha. Nilitaka kupima sakafu, nijue hasa niko umbali gani.

Mashine ya ukaguzi ililia. Mlinzi akaitoa futi, akaivuta, ikalia kama panga. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Nilijaribu kueleza kwa Kiingereza kwamba mimi ni fundi milango, nimekuja kupima mlango ulio ndani ya picha. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaelewa kwa nini walikuwa wakitazamana.

"Tangulia," nikamwambia Deo, kwa sababu alikuwa anazuia foleni. "Ningoje mlangoni mwa chumba. Usiingie."

"Sawa, kaka."

Walinipeleka kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo, nikaiacha futi, nikaandikiwa namba, nikarudishwa kwenye foleni upya. Dakika ishirini na tano. Nilipofika kwenye chumba chenyewe, Deo hakuwa mlangoni.

Ningependa kuwaambia kwamba jambo la kwanza nililoliona lilikuwa picha. Hapana. Niliona mgongo wa Deo. Kwa maboksi yangu nilikuwa nimepata hesabu ya mahali mtazamaji anapopaswa kusimama: si katikati, bali kulia kidogo, sambamba na ule mlango wa nyuma, hatua kadhaa kutoka ukutani. Deo alikuwa amesimama palepale. Mikono ameifumbata nyuma, kichwa ameinamisha upande.

Nikamsogelea. "Nilikwambia ungoje."

"Nilingoja. Kisha nikaona ule bwana, nikaingia."

"Nani alikwambia usimame hapa?"

"Hapa njo mbele ya mulango," alisema, kama vile nimemuuliza kwa nini amekaa juu ya kiti. "Ukisimama kule, hauko mbele yake."

Nilisimama ubavuni mwake. Picha inapita mita tatu kwa urefu, na kitabu hakiwezi kukuandaa kwa hilo. Watu wale wana vimo vyao kamili. Sakafu yao inaelekea kukutana na sakafu yako. Nilikuwa nimeisubiri saa ile miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa yake niliitumia kumsikiliza Deo anavyopumua.

"Sasa, yule mtu," nikasema kwa sauti ya kikazi. "Swali ni kama anaingia au anatoka. Tazama miguu. Uzito uko—"

"Haingii, hatoki."

"Lazima iwe kimoja."

"Apana. Anafanya kazi." Deo hakuondoa macho kwenye picha. "Angalia, kaka. Kule kwetu kwa wazee, saa ya vizite, ya bageni, ikiisha, huwezi ambia batu 'tokeni'. Mutoto amekuja kuona mama yake, utamwambiaje 'toka'? Basi unafanya hivi." Akarudi nyuma hatua mbili, akageuka ubavu, akainua mguu mmoja kama yuko kwenye ngazi, akanyoosha mkono kushika pazia lisilokuwapo, na shingo akaigeuza kunitazama. "Unafungua mulango. Unasimama. Hausemi kitu. Hauingii, hauendi. Batu banakuona bo benyewe, banaanza kutafuta makoti. Mfalme na malkia bako hapa tulipo, bamekuja kuona mutoto. Saa imeisha. Ule bwana amebafungulia."

Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alikuwa akitutazama. Alimwona Deo akiwa katika mkao ule, akaitazama picha, akamtazama tena Deo. Akatikisa kichwa polepole kwa kukubali, ingawa hakuelewa neno hata moja.

Nimetengeneza milango miaka kumi na tisa. Mlango ule niliupima kwa rula kitabuni, nikaujenga kwa boksi, nikaukadiria upana wake. Sikuwahi kujiuliza umefunguliwa kwa ajili ya nani. Na jibu lilifunga kila kitu: kwa nini mchoraji amesimamisha brashi, kwa nini macho yanatazama huku, kwa nini vichwa vingine bado havijageuka. Ni chumba ambacho wageni wake wanakaribia kuondoka. Nilijua ni sahihi kama ninavyojua fremu imekaa sawa kwenye ukuta.

"Inawezekana," nikamwambia.

Hilo ndilo neno pekee nililompa. Yeye akatabasamu, akaenda kumtazama mbwa.

Toronto tena: Jumamosi ile

Kurudi hakukuwa na ucheleweshaji wowote. Deo aliongea na watu safu tatu mbele na tatu nyuma. Mimi niliandika. Nilipofika ukurasa wa mtu wa mlangoni niliandika alichosema Deo, bila jina. Nilijiambia nitaliongeza baadaye.

Jumamosi mnaikumbuka. Ukumbi ulijaa. Bi Tunu, katibu wetu, alitaka kumpa Deo nafasi ya kwanza, kwa sababu ndiye mcheshi. Deo akakataa.

"Kaka Musa njo mwenye safari. Mimi nilimusindikiza tu."

Nikasimama. Nilieleza kioo, nilieleza turubai, kisha nikafika mlangoni, na nilisema maneno haya, nayanukuu kutoka daftari langu: "Baada ya kuitazama kwa muda mrefu, mimi kama fundi milango nimegundua jambo." Nikaeleza yote. Nilisimama hata kwa ule mkao, mguu mmoja juu ya kiti. Mlipiga makofi. Bi Tunu akasema, "Miaka kumi na mmoja haikwenda bure, jamani!"

Nilimtazama Deo. Alikuwa anapiga makofi pamoja nanyi, polepole, akinitazama moja kwa moja. Akavaa koti, akaondoka kabla ya chai. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Niwaambie kilichonisumbua zaidi. Makofi yenu niliyafurahia. Kwa siku mbili nzima niliyafurahia, na nilipokutana na mtu kwenye lifti akaniambia "ule mlango, Bwana Musa!", nilisema asante.

Ghorofa ya saba

Jumapili iliyopita nilipanda ghorofa ya saba. Nilipiga hodi. Deo alifungua akiwa na mwiko mkononi, mke wake alikuwa kanisani.

"Karibu, fundi milango."

Nilikaa jikoni. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na nikasema ni kwa jambo gani, kwa sababu radhi isiyotaja kosa si radhi. Aliendelea kukoroga sombe yake, kisamvu kama tunavyokiita sisi.

"Nilikuwa nangojea useme jina yangu," alisema hatimaye. "Nikasema, sasa atasema. Sasa atasema. Hata pale ulipopanda kiti! Kaka, mkao wangu! Unaniibia hata muguu?"

"Hata mguu."

"Mwizi wa muchana weye." Hakuwa anacheka. "Kule Paris nilikuita profesa kwa kila mutu. Na weye hauwezi kuniita Deo, mara moja tu?"

Nilimwambia nitaandika yote na kuwapa watu wote wa Jumamosi. Akafunika sufuria, akapunguza moto, akakaa mbele yangu.

"Na kile kikombe, umekielewa?" akauliza.

"Kikombe gani?"

"Kikombe chekundu. Ule binti amepiga goti, anamupa mutoto maji. Mutoto ameweka mukono, lakini hatazami kikombe. Anatazama wapi?"

"Anatazama huku. Kwa wazazi."

"Basi. Hana kiu." Deo akaegemea kiti. "Ukiaga mutoto, anasema nini? 'Nataka maji.' Kila siku. Watoto wangu bote. Na wazee wetu kule kazini ni vilevile: mugeni akishika koti tu, 'Mwanangu, nipe maji kwanza.' Hawanywi. Wanataka ukae kidogo. Ule mutoto ameona mulango umefunguliwa, kaka. Ameomba maji."

Wivu ulinipanda palepale, mbele ya sombe yake, nikiwa bado na radhi mdomoni. Miaka kumi na mmoja kikombe kile nilikiandika daftarini kama "chombo cha udongo, chekundu, kidogo". Nilitaka kusema "inawezekana". Nikasema ni kweli. Nikamwomba karatasi, akanipa bahasha tupu ya bili ya umeme, nikaandika palepale, yeye akitazama mkono wangu.

Nilichoandika ndicho hiki, msome kama kilivyo. Mtu wa mlangoni haingii wala hatoki, amewafungulia mfalme na malkia mlango kwa sababu muda wao umekwisha: hilo liligunduliwa na Deo. Mtoto ameomba maji ili wasiondoke: hilo nalo ni la Deo. Nimeliandika siku ileile, kabla sijalizoea kuwa langu.